Hofu ya Tonge

Je, mtu anaweza kuitwa mwoga kwa sababu ameshindwa kumeza tonge la bugali? Huenda swali hili likamchekesha msomaji. Mimi lilinikosesha usingizi kwa miezi mitatu, na ninaliandika hapa kwa kuwa naamini ndani yake limo swali kubwa zaidi: hofu iliyowahi kutuokoa, tunapaswa kuitii mpaka lini?

Nianze na yaliyonipata. Mimi ni mtoto wa Nakivale. Makazi haya ya wakimbizi yako wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watu waliokimbia Rwanda, na leo wanaishi humo Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine wengi. Sokoni tunakutana kwa Kiswahili. Nyumbani kwetu kila mtu ana chakula chake cha kukumbuka: sisi tuna bugali na sombe, jirani yetu Msomali ana anjera, na Wanyankole wanaotuzunguka wana ndizi na karo.

Tangu kidato cha nne nilikuwa na vidonda vya tumbo. Nilijizoesha kuvumilia, nikalaumu pilipili, nikalaumu maharagwe, nikalaumu mawazo. Kisha nikaanza kutapika chakula nilichokula jana yake, kikiwa bado kinatambulika. Nilipopelekwa Mbarara, daktari alinichorea tumbo kwenye karatasi. Kidonda cha zamani, alisema, kilikuwa kimepona na kurudi kuwa kidonda mara nyingi, na kovu lake limeziba njia ya chakula kutoka tumboni kwenda kwenye utumbo mdogo. Nilipasuliwa. Sehemu ya chini ya mfuko wa tumbo iliondolewa, na iliyobaki ikaunganishwa na utumbo. Mama alilala kwenye mkeka kando ya kitanda changu kwa siku kumi na moja, na kila asubuhi alishuka kupika uji kwenye jiko la makaa pamoja na kina mama wengine waliokuwa wakiuguza.

Chakula kilirudi kwa ngazi: kwanza maji kwa kijiko, kisha uji mwepesi, kisha ndizi zilizopondwa, halafu vyakula laini. Nilikuwa napanda vizuri. Wiki ya tatu baada ya kurudi Nakivale, wageni walikuja kunipa pole, chai ya maziwa ikapikwa, nami nikanywa kikombe kizima chenye sukari vijiko vitatu pamoja na andazi. Haikupita nusu saa, moyo ukaanza kwenda mbio. Jasho likanitoka, macho yakaingiwa na giza, tumbo likakata kama linapasuliwa upya bila ganzi. Nilidhani nyuzi zimekatika. Nilimshika mama mkono nikamwambia nakufa.

Sikufa. Daktari alinieleza baadaye kwamba ule mlango uliokuwa ukizuia chakula kishuke kidogo kidogo haupo tena. Sukari nyingi ikiingia, inaporomoka yote kwa pamoja kwenye utumbo, inavuta maji ya mwili, na mwili unashtuka. Dawa yake ni kula kidogo mara nyingi, kutafuna sana, kupunguza sukari, na kutokunywa wakati wa kula. Akili yangu ilielewa yote hayo. Mwili haukuelewa. Tangu siku ile nilikula vitu viwili tu: uji wa mahindi usio na sukari na ndizi iliyopondwa. Kila kitu kingine, hata nilichokuwa nimekila tangu utotoni, kilikuwa chakula kipya, na kila kipya kilikuwa na sura ya ile chai. Uzito wangu ulishuka mpaka kilo 46.

Hapo ndipo swali la maadili lilipoanza. Ilikuwa jioni moja. Mama alikuwa ameuza kuku wake wa mayai akanunua samaki wa ziwani. Alimchemsha bila pilipili, akamtoa miiba kwa vidole, akanisogezea sahani akisema, "Papa, kula kidogo tu." Hivyo ndivyo kina mama wa kwetu wanavyowaita watoto wao wa kiume. Niliitazama ile sahani, mikono ikaanza kutetemeka, nikaisukuma. Mdogo wangu mwenye miaka tisa aliitazama sahani, akamtazama mama, akaivuta akala. Mama hakusema neno. Alisubiri amalize, akaichukua sahani akaenda kuiosha.

Kimya kile kilinihukumu kuliko maneno. Tangu mwaka 2023 mgao wa chakula umetolewa kwa makundi kulingana na uhitaji wa kila familia, na zipo familia ambazo hazipati tena chochote. Katika mtaa wetu, kuna nyumba zinazopika mara moja kwa siku. Je, nilikuwa na haki ya kuogopa chakula mahali ambapo wengine wanaogopa njaa?

Jibu la haraka ni hapana. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mimi nilionekana kama mwenye shibe wa ajabu: mtu anayekataa samaki katikati ya wenye njaa. Kwa muda mrefu nilikubali jibu hilo. Nilijiambia kwamba hofu yangu ni anasa, ni dharau kwa jasho la mama. Lakini nilipojiambia hivyo, sikula zaidi. Nilikula kidogo zaidi, kwa kuwa sasa kila sahani ilikuja na vitu viwili vya kuogopa, maumivu na aibu.

Nikaanza kulipima jibu lile upya. Njaa ya jirani ni kweli, na hofu yangu nayo ni kweli. Ukweli wa moja hauifuti nyingine, kama vile mguu uliovunjika wa mtu mmoja hauponyi jino la mwenzake. Tunachoweza kusema kwa haki ni kwamba njaa ya jirani inaniwekea wajibu. Sina wajibu wa kutokuogopa, kwa sababu hofu haiji kwa hiari yangu. Nina wajibu wa kufanya kitu juu yake, nisiiache ikae kwenye sahani ambayo mtu mwingine ameitoa mdomoni mwake.

Hapa Kiswahili chenyewe kinatusaidia. Tuna neno hofu, tuna neno woga, na tuna neno tahadhari, na sisi wanafunzi wa lugha tunajua kwamba maneno matatu hayakai bure. Kwa ninavyoyaelewa, hofu humjia mtu kama baridi inavyokuja, wala hakuna anayeulizwa kama anaitaka. Woga ni tabia: ni hofu iliyopewa kiti, ikawa mwenye nyumba. Tahadhari ni hofu iliyokwenda shule, inayojua inaogopa nini na kwa nini. Kwa hiyo mtu halaumiwi kwa hofu. Analaumiwa, kama ni wa kulaumiwa, kwa kuiacha igeuke woga wakati ingeweza kufundishwa kuwa tahadhari.

Mtu anaweza kunipinga kwa methali. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hii inamtetea mwoga moja kwa moja: nyumbani kwake watu wanacheka kwa sababu yu hai. Nami siwezi kuipuuza, maana familia yetu ni ushahidi wake. Mwishoni mwa mwaka 2008, vita vilipokuwa vikikaribia kwetu Rutshuru, baba alifunga mizigo mapema. Majirani walimcheka, wakamwita mwanamume wa kukimbia sauti. Mimi nilikuwa na miaka minne, nikabebwa mgongoni mpaka Uganda. Baadhi ya waliocheka hatukupata habari zao tena. Tukiwa watu tuliookolewa na hofu, tutaisemaje vibaya?

Nilimuuliza baba swali hili. Alikuwa anapalilia maharagwe, hakuinuka. Alisema, "Hofu ilinileta mpaka hapa. Kupanda sikuiuliza." Nimelitafakari jibu lake kuliko vitabu vingi. Hofu ya baba ilikuwa na kazi, nayo ilipoisha kazi yake aliishukuru akaiacha njiani. Alipopewa kipande cha ardhi asichokijua, cha udongo asioujua, katika nchi ambayo lugha yake hakuijua, alipanda mbegu mwaka uleule. Kama angeendelea kuitii hofu iliyomvusha mpaka, angekaa chini ya turubai akisubiri milio ya risasi. Methali inasema kweli kwamba mwoga anafika nyumbani. Haisemi kwamba akifika aendelee kukimbia.

Kwa hiyo nilijua nilichopaswa kufanya. Kujua hakukutosha. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle alifundisha kwamba ujasiri hukaa katikati ya woga na ujinga wa kutojali hatari, na kwamba jasiri naye huogopa, ila huogopa yanayostahili kuogopwa, kwa kiasi chake na kwa wakati wake. Alifundisha pia kwamba tunakuwa majasiri kwa kutenda matendo ya kijasiri. Maneno mazuri. Lakini tendo la kwanza linatoka wapi, ikiwa mkono hauinuki? Aliyeshindwa tonge la kwanza haelekezwi na mtu anayemwambia kwamba la kumi litakuwa rahisi.

Tendo langu la kwanza lilitoka Iowa, Marekani. Shangazi yangu alihamishiwa huko kutoka Nakivale miaka kadhaa iliyopita. Alikuwa na uzito mkubwa na kisukari, na mwaka mmoja kabla yangu naye alifanyiwa upasuaji wa tumbo ili kupunguza uzito. Habari hiyo ilipotufikia, ukoo ulimcheka kwa uchungu: huku watu wanakatiwa mgao, yeye anakwenda kukatwa tumbo kwa hiari yake! Nami nilicheka. Sikujua kwamba upasuaji wake na wangu ni ndugu wa damu. Ilikuwa katika Chuo Kikuu cha Iowa, mwaka 1966, ambapo daktari Edward Mason alianza upasuaji wa kupunguza uzito kwa kuunganisha sehemu ndogo ya juu ya tumbo na utumbo. Alikuwa ameona kwamba wagonjwa waliokatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda walipungua uzito. Ugonjwa wa watu kama mimi ndio uliozaa tiba ya watu kama shangazi.

Mama ndiye aliyempigia simu. Nilianza kueleza, akanikatiza. "Mwanangu, usinieleze. Ile ya moyo kukimbia na jasho? Mimi nilikaa wiki sita bila kugusa yai. Yai! Nililala na njaa, na friji imejaa." Nikamwuliza alifanyaje. Akanipa masharti yake. Chakula kipya kimoja tu kwa siku mbili. Kijiko kimoja cha chai, si zaidi. Kutafuna mpaka kiwe kama uji. Kutokunywa maji pamoja nacho. Kuandika kwenye daftari: nimekula nini, saa ngapi, nini kimetokea. "Na usile peke yako," akasema. "Mimi nilishindwa kwa sababu nilikuwa nakula peke yangu."

Tukakubaliana. Saa mbili usiku ya Nakivale ni saa sita mchana ya Iowa, muda wake wa mapumziko kazini. Alinipigia simu ya video. Mbele yake alikuwa na kipande cha yai, mbele yangu parachichi lililopondwa. Mama alikaa kando yangu, akachota kidogo kwa kijiko chake, akaonja mbele yangu kabla sijagusa. Kwetu, anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza, ili mgeni ajue hamna sumu. Nilikuwa nimeiona desturi hiyo maisha yangu yote, nikidhani ni adabu tu. Usiku ule nilielewa maana yake: mtu anatanguliza mwili wake mwenyewe ili wako usiwe wa kwanza. Nilikula kijiko kile. Tukakaa nusu saa, watu watatu katika mabara mawili, tukingoja tumbo langu liseme. Halikusema kitu. Niliandika kwenye daftari: parachichi, saa mbili na dakika kumi, kimya.

Baada ya parachichi lilikuja yai, baada ya yai samaki, baada ya samaki lengalenga. Maharagwe yaliniumiza mara ya kwanza, nikayaacha wiki mbili, nikarudi nayo yakiwa yamepondwa na kuchujwa, yakapita. Siku moja jirani yetu Msomali alisimama mlangoni na anjera laini kwenye sahani, akararua kipande akakila yeye kwanza, bila kuambiwa na mtu. Sijui kama mama alikuwa amemdokeza au kama desturi zetu zinafanana. Nilikula kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Kilikuwa chakula kipya kweli, ambacho sikuwahi kukila hata nilipokuwa mzima.

Daftari lile lilinifundisha jambo jingine kuhusu hofu. Nilipolisoma baada ya mwezi, niliona kwamba vyakula nilivyoviogopa vilikuwa ishirini na tatu, na vilivyoniumiza kweli vilikuwa vinne. Hofu ilikuwa imewashtaki kumi na tisa bila kosa. Nikakumbuka jinsi nilivyolaumu pilipili miaka yote ile. Dunia nzima iliwahi kulaumu hivyo. Watu waliamini vidonda vya tumbo vinaletwa na vyakula vikali na mawazo, mpaka madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walipoonyesha kwamba kisababishi kikubwa ni bakteria. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao kwa makusudi, tumbo lake likavimba, na mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Leo tunajua kwamba bakteria hao, pamoja na baadhi ya dawa za maumivu, ndio wenye makosa mengi tuliyombambikia pilipili. Simshauri mtu yeyote anywe bakteria. Nasema tu kwamba hofu ni shahidi mwenye macho makali na kumbukumbu mbaya. Inafaa isikilizwe, maana mara nyingine imeona kweli. Haifai kupewa kiti cha hakimu.

Na imeona kweli mara nne. Chai yenye sukari nyingi sinywi mpaka leo, wala soda, wala asali kwa kijiko, na maandazi nayaacha kwenye sahani. Wenzangu chuoni wakinitania kwamba bado naogopa, nawaambia hapana, sasa najua. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mwoga na mwenye tahadhari: hofu ya mwoga hukua bila kikomo, lakini mwenye tahadhari anaweza kukuonyesha mpaka wa yake, akakuambia hapa ndipo inapoishia.

Narudi kwenye swali la haki, kwa sababu sikutaka kulikwepa. Kama Aristotle angekuwa ameketi nami kwenye mkeka, ningemwambia kwamba nakubaliana naye, ila ningeongeza jambo moja. Ujasiri wa kwanza ni wa kuazima. Sikuupata ndani yangu nilipoutafuta. Niliuazima kwa mama aliyeonja kabla yangu, kwa shangazi aliyekula yai mbele ya simu, kwa baba aliyepanda bila kuiuliza hofu. Na kitu cha kuazima kina deni. Hapa ndipo njaa ya jirani inapoingia kwa mlango wake wa haki. Haikuja kuniambia kwamba hofu yangu ni ya uongo. Ilikuja kunikumbusha kwamba waliokuwa wakinionjea walikuwa wakionja kutoka kwenye sufuria ndogo. Deni hilo halilipwi kwa kujichukia. Linalipwa kwa kula kile ulichopewa kadiri unavyoweza, kwa kusema wazi usichoweza ili kisiharibike mbele yako, na kwa kumwonjea mwingine siku yake ikifika. Na nilimpigia shangazi simu nikamwomba radhi kwa kile kicheko.

Mwezi uliopita, katika hospitali moja ya Mbarara nilikokwenda kupimwa, nilimkuta kijana aliyepasuliwa tumbo wiki mbili kabla. Bibi yake alikuwa amemshikia bakuli la ndizi zilizopondwa, naye amegeuza uso ukutani. Nilimsalimu bibi, nikaomba ruhusa, nikaketi. Sikumhubiria kijana yule. Nilimwomba bibi kijiko cha pili, nikachota, nikala, nikakaa kimya. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Na wewe walikukata?" Nikafunua shati, nikamwonyesha kovu. Akanyoosha mkono kuchukua kijiko.

Sijui kama alikula chote. Nilikuwa na basi la kuwahi, na nyumbani mama alikuwa ameniwekea bugali.